Kuchagua Siku za Hatari

Masomo: 1 Samweli 8, 11, 12 na 13:5–14



Tangu uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, swali moja limetufuata karibu kila nyumba tunayoingia kusali, kuanzia Sirari hata Mugumu. Wengine huliuliza kwa sauti. Wengine husubiri mpaka wageni waondoke. Je, yafaa taifa kupiga kura, au kuamua juu ya Katiba yake, wakati nchi haina utulivu? Wako wasemao, tungoje kwanza amani ipatikane, ndipo tupige kura. Wako wasemao, amani yenyewe haitakuja mpaka watu wapige kura. Na wako waliochoka, ambao husema Mkristo asiyaguse mambo haya hata kidogo.

Hao wa mwisho tuwajibu kwanza, maana jibu lao ni fupi. Kama Mungu hakujali jinsi watu wanavyopata watawala wao, asingetuachia vitabu viwili vizima vya Samweli.

Basi tuanze huko. Israeli walikuwa hawana mfalme. Walikuwa na Samweli, mzee wa makamo makubwa, aliyezunguka kila mwaka Betheli, Gilgali na Mispa akiwaamua watu. Wanawe aliowaweka Beer-sheba walikuwa wala rushwa. Ndipo wazee wa nchi wakamwendea Rama na shauri la kuugeuza utawala wote: wapewe mfalme, wawe kama mataifa mengine. Kwa lugha ya siku hizi tungesema walidai katiba mpya. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli, tusiwaonee. Lakini ukisoma mpaka sura ya 12, aya ya 12, utamwona Samweli akiwakumbusha jambo ambalo wao hawakulitaja siku ile. Kilichowasukuma hasa ni Nahashi, mfalme wa Waamoni. Adui alikuwa mpakani. Waliogopa, na hofu yao ikavaa nguo za sheria.

Nahashi alikuwa wa kutisha kweli. Aliuzingira mji wa Yabesh-gileadi, na sharti lake la amani lilikuwa kumng'oa kila mtu jicho la kuume. Wazee wetu waliopata kushika ngao na mkuki watalielewa sharti hili upesi kuliko vijana. Ngao hufunika jicho la kushoto. Mtu aliyepoteza jicho la kuume hawezi tena kupigana. Lakini limebaki jicho la kulimia, na la kuhesabia ushuru. Hiyo ndiyo amani aliyoitaka Nahashi: kila mtu yu hai, kila mtu yuko shambani, na hapana hata mmoja awezaye kusimama. Kwa hiyo mtu atuambiapo amani kwanza, tusikimbilie kuitikia Amina. Tuulize kwanza ni amani ya namna gani, na macho yetu yatakuwa mangapi.

Habari za Yabeshi zikamfikia Sauli akitoka shambani nyuma ya ng'ombe wake. Mnaijua hadithi: Roho wa Mungu akamjia, akawakusanya watu, na kabla jua halijawa kali siku ya vita Waamoni wametawanyika hata hawakubaki wawili pamoja.

Sasa angalieni kinachofuata, maana ndicho kiini cha maneno yetu yote ya leo. Walikuwako watu waliokuwa wamemdharau Sauli alipochaguliwa. Walikataa kumpa zawadi, wakauliza mtu huyu atatuokoaje. Siku ile ya ushindi umati ukamjia Samweli wakitaka wapinzani hao watolewe wauawe. Ilikuwa rahisi sana. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Aliyempinga mfalme wakati adui yuko langoni angeweza kuitwa msaliti, na ni nani angemtetea? Sauli mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema hapana mtu atakayeuawa siku hiyo, kwa kuwa Bwana ameleta wokovu. Tafadhali isomeni tena aya ya 13 mkiwa nyumbani, mbele ya watoto.

Baada ya neno hilo, wala si kabla yake, Samweli akawaambia waende Gilgali wakaufanye ufalme upya. Hapo ndipo watu wote walipomthibitisha Sauli mbele za Bwana, hata wale waliokuwa hawamtaki, maana walikuwa bado hai. Sauli hakwenda Gilgali akikanyaga makaburi ya wapinzani wake.

Na huko Gilgali, kabla ya sherehe kwisha, Samweli akafanya jambo ambalo watawala wachache hulifanya. Alisimama mbele ya watu akaomba ashitakiwe. Aliuliza ni nani ambaye yeye amemchukulia ng'ombe wake, au punda wake. Ni nani aliyedhulumiwa naye. Ni mkononi mwa nani alipokea rushwa ya kumfumba macho. Katika nchi yetu hii ya Tarime na Serengeti, ambako damu nyingi imemwagika kwa ajili ya ng'ombe, hapana haja ya kumfafanulia mtu uzito wa swali lile la kwanza. Mzee yule aliahidi kurudisha. Watu wakamjibu kwamba hakuchukua kitu.

Basi utaratibu wa Biblia ni huo: hatari yenyewe ikabiliwe, damu ya wapinzani isimwagwe, watu wakutanike wote, na wenye mamlaka watoe hesabu. Sanduku la kura halikujulikana siku zile, lakini mambo haya manne hayakuzeeka.

Mtatuuliza, mbona Sauli huyo huyo aliharibika? Jibu liko sura ya 13, na tunaomba mlishike. Wafilisti walikusanyika, wengi kama mchanga wa pwani. Watu wa Sauli wakaanza kumtoroka, wakajificha mapangoni. Samweli alikuwa amechelewa. Sauli akaingiwa na hofu, akatoa sadaka ya kuteketezwa kwa mkono wake mwenyewe, kazi ambayo haikuwa yake. Alipoulizwa alijitetea kwamba hali ilikuwa mbaya na alijilazimisha tu. Huyo ni mtu yule yule aliyewasamehe wapinzani wake! Hofu haimsazi hata mwema. Humwambia mtawala kwamba leo ni siku ya pekee, kwamba leo mipaka ya kazi yake haimhusu, na kwamba kesho atairudia. Kesho hiyo haikumfikia Sauli.

Tumeyaona mambo haya kwa macho yetu, si katika Biblia tu. Wengi wa wazee wetu wanaikumbuka vita ya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwetu mwishoni mwa mwaka 1978, na vijana wa Mara, wanajeshi na mgambo, walikwenda. Sisi Waanglikana tulikuwa na kidonda kingine juu ya hicho, kwa kuwa Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa ameuawa Februari 1977. Aprili 1979 Kampala ilitekwa, Amin akakimbia. Ilikuwa asubuhi ya Yabeshi. Lakini Gilgali haikupatikana. Rais Yusuf Lule alikaa siku 68. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga. Chini ya tume hiyo, majeshi yetu yakiwa bado Uganda, uchaguzi ukafanyika tarehe 10 Desemba 1980. Kura zilipokuwa zikihesabiwa, Muwanga akatoa amri kwamba hapana atakayetangaza matokeo isipokuwa yeye mwenyewe, na atakayekaidi atafungwa. Chama cha UPC cha Milton Obote kikatangazwa mshindi. Walioshindwa hawakukubali, na tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake wakashambulia kambi ya Kabamba. Vita vile havikwisha mpaka Januari 1986, na huko Luwero watu walikufa kwa maelfu mengi.

Hatuyasemi haya kuwahukumu jirani zetu. Watanzania walikuwapo pale na bunduki zao, na nia yao ilikuwa njema. Twataka tu mwone kwamba kura iliyopigwa watu wakiwa bado wanaogopana haikuimaliza vita. Iliipa tarehe ya kuanza upya.

Je, tuseme basi kura ingojwe? Hapo napo pana shimo. Desemba 2018 Wakongo walipopiga kura ya kumchagua Rais, wenzetu wa Beni na Butembo, Waswahili kama sisi, waliambiwa wao wangoje hadi Machi mwaka uliofuata kwa sababu ya ugonjwa wa Ebola na vikundi vya silaha. Rais mpya aliapishwa Januari 2019. Waliitwa kuchagua aliyekwisha kuchaguliwa! Siku ya kura ya wenzao, watu wa Beni walijipanga mistari wenyewe, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura ambayo haikuhesabiwa na yeyote. Walitaka ijulikane kwamba nao ni watu.

Hapa kwetu pia neno ngoja tunalijua. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2014, wajumbe wengi wa upinzani wakiwa wamekwisha kutoka nje. Tume iliyokusanya maoni ya wananchi kabla yake iliongozwa na Jaji Joseph Warioba, mwana wa mkoa wetu huu. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015. Tarehe 2 Aprili Tume ya Uchaguzi ikaiahirisha, kwa kuwa daftari la wapiga kura halikuwa tayari. Sababu ilikuwa ya kweli. Lakini ikapita miaka kumi na kura ile haikupigwa. Jambo lililoahirishwa bila tarehe ni kama ng'ombe aliyeazimwa bila shahidi.

Mwaka 2010 unatufundisha zaidi, nasi twashangaa kwamba hausemwi mara nyingi. Mwaka huo kura za maoni mbili zilipigwa pande mbili zetu, na kati yake hazikupita hata siku tano. Tarehe 31 Julai Wazanzibari waliulizwa kama wanakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66 hivi walikubali. Tarehe 4 Agosti Wakenya, pamoja na ndugu zetu Wakuria wa ng'ambo ya Sirari, waliulizwa kama wanaikubali Katiba mpya. Nao asilimia 67 hivi walikubali.

Nchi zote mbili zilikuwa zimetoka katika damu. Zanzibar, Januari 2001, baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, watu zaidi ya 20 waliuawa, wengi wao Pemba, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Kenya nako, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliuawa zaidi ya 1,100. Kilichotangulia kura zile ni kikao. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, waliokuwa hawatambuani, waliketi pamoja wakapatana. Kule Kenya, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mapatano Februari 2008, Kofi Annan akiwa kati yao. Wananchi waliitwa kulithibitisha jambo ambalo wakubwa walikuwa wamekwisha kulilia machozi. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2010 ulikwisha kwa tofauti ndogo sana ya kura, na watu wakaenda makwao salama.

Yatupasa tuseme na upande wa pili. Mapatano ya Zanzibar hayakudumu kama tulivyoomba. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa kura zikiwa zinatangazwa, ukarudiwa Machi 2016 bila chama kikuu cha upinzani kushiriki. Kupatana si kama kubatizwa, kwamba ukifanya mara moja imetosha. Ni kama kung'oa magugu.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Wana-Tarime hawahitaji kufundishwa habari za kuzika watu wa mapigano ya koo, wala habari za Serikali kulazimika kuunda Mkoa wa Kipolisi wa Tarime/Rorya. Wanakumbuka pia uchaguzi mdogo wa Oktoba 2008, baada ya kifo cha Mbunge Chacha Wangwe, jinsi kampeni zilivyoendeshwa katikati ya askari wengi. Na katika vijiji vya kanda yetu ya Ziwa tumepata kuona kura ya namna nyingine, iliyozaliwa na hofu tupu: kura ya siri ya kuwataja wahalifu. Mwaka 2009, mauaji ya ndugu zetu albino yalipotisha nchi nzima, Serikali iliwaita wananchi wawataje kwa siri wanaowashuku. Kusudi lilikuwa jema na hatari ilikuwa ya kweli. Lakini jiulize, ndugu msomaji: ukipewa karatasi isiyo na jina lako, siku ambayo kijiji chote kinatetemeka, utamwandika mwuaji unayemjua, au jirani mliyegombana naye mpaka wa shamba? Kikongwe mwenye macho mekundu amepona mara ngapi katika kura kama hiyo?

Hiyo ndiyo sababu wazee wetu walipotaka kumaliza uadui wa koo hawakuanza kwa kuhesabu watu. Iritongo ni mkutano wa uso kwa uso. Mtu husema neno lake akiwa anaonekana, na aliyetajwa husikilizwa. Hatusemi mila ile haikuwa na makosa. Ilikuwa nayo, na akina mama hawakuwa na sauti pale. Lakini ilijua kwamba kabla ya kuhesabu wangapi wanakubali, lazima watu waweze kuonana bila kuuana.

Kuhusu Oktoba 2025 tutasema tunayoyajua. Vyama viwili vikubwa vya upinzani havikuwa na mgombea wa Urais katika karatasi ya kura. Siku ya uchaguzi kulikuwa na maandamano na fujo katika miji kadhaa. Watu waliuawa, na idadi yao imetajwa kwa namna zinazopishana sana. Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mshindi alitangazwa kwa asilimia karibu 98. Novemba Rais aliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Na katika kampeni alikuwa ameahidi kuuanzisha tena mwendo wa Katiba mpya.

Kwa hiyo siku inaweza kuja ambapo sisi wa parishi hii tutaitwa kujibu Ndiyo au Hapana juu ya Katiba. Kanisa halitawaambia mwandike neno gani. Lakini litawaambia mwangalie kama njia ya kwenda Gilgali imepitia Yabeshi. Je, waliokuwa wakisema Hapana wako salama, wako nje ya vifungo, wanaweza kusema tena? Je, wenye mamlaka wamesimama mbele ya watu na kuuliza, kama Samweli, ni nani tuliyemdhulumu, wakawa tayari kurudisha? Hofu isiwaharakishe, wala hofu isitumiwe kuwaahirishia. Anayesema tupige kura upesi kwa kuwa nchi i hatarini, na anayesema tusipige kabisa kwa kuwa nchi i hatarini, wote wawili waulizwe hatari hiyo ni ya nani, na itakwisha lini.

Vijana wa parishi, twawasihi kwa namna ya pekee. Msikubali mtu wa chama chochote awape fedha au pombe ili mwende kumpiga mwenzenu. Na wazazi, mtoto akirudi nyumbani na maneno ya kuuita ukoo fulani au chama fulani maadui, msicheke. Mketisheni.

Samweli aliwaambia watu wale kwamba kwake yeye ingekuwa dhambi kuacha kuwaombea, ingawa hakuupenda uamuzi wao. Katika Sala za Asubuhi tumekuwa tukimwombea Rais na wote wenye mamlaka, nasi tutaendelea, asiyependa na apende. Lakini sala hiyo ina pacha wake ambaye tumekuwa tukimsahau. Wazee wa Kanisa wa kila mtaa wameombwa wapokee majina ya waliokufa katika siku zile, raia na askari, kutoka kwa jamaa walioko kwetu, wale waliopata kuzika na wale ambao hawakupata mwili wa kuzika. Mpeni mzee wa Kanisa jina tu. Hatauliza marehemu alikuwa wa ukoo gani wala wa chama gani. Majina yatasomwa moja moja madhabahuni, polepole, na baada ya kila jina kusanyiko litanyamaza kidogo.